Bibi Wawili wa Tajudin

Kila asubuhi, uji ukishanywewa na midomo ikishafutwa, watoto wa kituo cha Flora walivuka ua hadi kwenye mkeka wa Bimdogo. Wengine walikuja mbio, wengine wakivutwa mkono, na Doto, msichana mdogo mwenye macho ya mshangao, hakuja mpaka apewe kidole cha Bimdogo akishike. Wote walikuwa wa umri ule wa kusema nusu neno na kuanguka bila sababu. Mama zao walikuwa sokoni, maofisini au kwenye mashine za kusaga.

Ua ulikuwa wa Bimdogo. Alizaliwa Pangani, akaolewa na mfanyabiashara wa vitenge aliyemleta Bariadi akiwa bado mwari, na huku akazeekea. Mumewe alipofariki aliliuza duka, akabaki na nyumba, mwarobaini mkubwa uani, na mwana mmoja, Maftaha. Mke wa Maftaha ndiye huyo Flora, binti wa Kisukuma kutoka Nkoma, aliyesomea malezi ya watoto wadogo. Yeye na mumewe walipanga nyumba ya jirani, naye akamwomba mkwewe ule ua mpana afungue kituo.

"Mama," Flora alimwambia siku ya kwanza, "wewe utachukua kipindi cha mazingira."

"Mazingira ndiyo nini?"

"Vitu vya nje. Majani, upepo, ndege, wadudu. Unawasimulia, unawaimbia. Mtoto aijue dunia anayoikanyaga."

Bimdogo alicheka, lakini alikubali, maana nyumba ilikuwa imemwia kubwa tangu awe peke yake. Akawapa watoto dunia aliyoijua yeye. Aliitandaza kanga ya buluu, akaipeperusha kwa ncha mbili, akaimba:

*Wimbi laja, wimbi laenda,*
*mguu wangu waloa!*

Watoto walipiga kelele kwa furaha, wakarudi nyuma miguu isiloe. Aliwasimulia kaa anayetembea upande, na mnazi uliomwangushia nyani dafu kichwani. Hadithi alizijua kuzikunja na kuzikunjua. Alijua pa kushusha sauti, pa kunyamaza, na pa kufumbua macho makubwa. Lakini mwezi wa nane ulipoingia, kiangazi kikakaza na mwarobaini ukaanza kupukutisha majani, watoto wakaanza kumponyoka. Angali katikati ya wimbi, huyu alinyanyuka kufuata jani lililoanguka, yule alilala kifudifudi kuangalia vishimo vidogo mchangani. Siku moja Marcelo, mtoto wa fundi cherehani, alimuuliza, "Bibi, bahari ni lambo?"

"Ni kubwa kuliko lambo, mwanangu."

"Ng'ombe wangapi wanakunywa?"

Bimdogo alilikunja wimbi lake, akalitia kapuni.

Juma hilo hilo ndipo Minza alipoletwa.

Minza alikuwa mama yake Flora. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, akawa haoni ila vivuli, na ilisemekana madaktari wa macho wangefika Bariadi kupasua watu. Flora alimfuata Nkoma akaja naye. Lakini desturi ya kwao haimruhusu mama mkwe kulala chini ya paa la mkwe wake wa kiume, wala kula naye uso kwa uso. Kwa hiyo alipelekwa kwa Bimdogo, kwenye chumba cha mbele.

Wanawake hao wawili hawakuwahi kukaa pamoja. Maftaha na Flora walifunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, na tangu hapo Minza hakuukanyaga mji. Bimdogo alimzoea Flora polepole kisha kwa haraka, hasa mjukuu wake Tajudin alipozaliwa. Ila hakupata kumuuliza habari za mama yake, na Flora hakupata kumwambia.

"Karibu, mkwe wangu," alisema Bimdogo mlangoni. "U hali gani?"

"Mwangaluka," alijibu Minza kwa salamu ya Kisukuma, uso umeelekea kidogo pembeni, mahali sauti ilipokuwa kabla Bimdogo hajasogea. "Niko hivyo hivyo. Nisiwasumbue."

Yakaishia hapo. Siku za kwanza nyumba ilikuwa na adabu nyingi kupita kiasi. Bimdogo alimpikia wali wa nazi, Minza akala vijiko viwili akashukuru. Minza alitoa kwenye mfuko wake michembe, yale makopa makavu ya viazi vitamu, Bimdogo akatafuna kipande kimoja akashukuru. Usiku kila mmoja alimsikia mwenzake akisali katika chumba chake, huyu kwa tasbihi, yule kwa rozari, na punje za wote wawili zilisikika sawa.

Asubuhi Minza aliketi kwenye kigoda karibu na ukuta, fimbo magotini, akisikiliza kipindi. Tajudin alimzunguka kwa mbali. Alikuwa ameambiwa kwamba yule ni bibi, na yeye bibi alikuwa naye tayari. Minza alinyoosha mkono kila aliposikia kishindo cha miguu midogo, lakini miguu ilikwepa. Bimdogo aliona. Kuna sehemu ya moyo wake iliyofurahi, na akajichukia kwa hiyo furaha.

Asubuhi moja tetere alitua kwenye mwarobaini akaanza kuimba. Hadithi ya Bimdogo ilikuwa imefika pazuri, kaa anabisha hodi kwa jirani, lakini watoto wote walikuwa wametazama juu.

"Nani huyo?" aliuliza Marcelo.

"Ni ndege," alisema Bimdogo.

"Anasema nini?"

"Anaimba tu, baba. Haya, kaa akabisha hodi…"

Kutoka ukutani ikatoka sauti nyembamba, ya kooni, iliyofanana na ya ndege hata tetere mwenyewe akanyamaza. "Ku-ku-ruu, ku-ku-ruu. Anauliza: nani kala mtama? Nani kala mtama?"

Watoto waligeuka. Minza aliona haya, akaishika fimbo yake.

"Tena!" alisema Doto.

Minza akarudia. Tetere akajibu juu mtini. Watoto wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Bimdogo, ambaye hadithi yake ilikuwa imeachwa mlangoni ikibisha hodi, alijikuta akicheka naye.

"Mkwe," alisema, "basi wasimulie wewe habari za huyo tetere. Aliutaka mtama wa nini?"

"Mimi sijui hadithi, mayu," alijibu Minza, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Najua ng'ombe na shamba."

"Hakuna asiyejua hadithi."

Minza aliwaza. Kisha akasimulia, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa kwa balozi wa nyumba kumi: "Tetere alikuwa na mtama. Panya akaula. Tetere akauliza, panya akanyamaza. Basi."

Watoto walimtazama wakingoja.

"Umeimaliza kabla hatujaketi!" alisema Bimdogo, na safari hii wote wawili walicheka, Minza akiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Bimdogo akaichukua hadithi ile fupi, akaikunjua. Panya akapewa tumbo lililojaa hata hapiti mlangoni, mtama ukapewa sauti ya kulalamika tumboni, na kila tetere alipouliza, Bimdogo alimpisha Minza aulize. Watoto wakaongeza, "Si mimi! Si mimi!" Ilipokwisha, waliitaka tena. Flora alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, kisha akarudi ndani upesi.

Tangu siku hiyo kipindi kikawa cha watu wawili. Jioni Bimdogo alimchokonoa mwenzake amwambie mambo, naye Minza akamwambia kwa maneno machache kama kawaida yake. Vile vishimo vya mviringo mchangani vilikuwa nyumba za mdudu anayengoja sisimizi ateleze. Mwarobaini haukuwa unaumwa. Ulikuwa unapumzika, na ukiugusa shina asubuhi utausikia baridi. Zile nyuzi nyeupe zilizonasa kwenye miiba njia nzima ya kwenda sokoni zilikuwa pamba iliyodondoka kwenye malori, na chiriku huziokota wakatandikia viota. Bimdogo aliuza nguo za pamba umri mzima. Hakuwahi kujiuliza juu ya zile nyuzi za miibani.

"Mji umekupotezea macho na wewe," Minza alimtania.

"Haya, tupasuliwe sote," alijibu Bimdogo.

Tajudin, hata hivyo, aliendelea kumkwepa bibi yake mpya. Aliipenda sauti ya tetere, lakini kwa umbali wa hatua kadhaa.

Siku moja, karibu na saa nne, hewa ilituama ghafla. Flora alikuwa ametoka kidogo kununua sabuni. Bimdogo alikuwa anawapangisha watoto mstari, kila mmoja na jani lake la njano, ndipo aliposikia bati za jirani zikitetemeka. Alitazama juu ya ukuta akaona chamchela inakuja na barabara. Ilikuwa nguzo ya vumbi jekundu ndefu kama mnara, inazunguka na mifuko ya plastiki na mabua tumboni mwake. Chamchela za kiangazi huzaliwa zikafa katika dakika moja, lakini hii ilikuwa nene, nayo ilikuwa inaelekea langoni.

Lango lilikuwa wazi. Bimdogo aliliwahi, akaliegemea kwa bega. Upepo ulilipiga kama ng'ombe dume. Hakuweza kuliacha, maana lingerudi na kumponda yeyote aliye karibu. Na nyuma yake watoto walianza kulia, wakitawanyika katika vumbi ambalo sasa lilimziba macho hata yeye.

"Marcelo! Doto! Tajudin! Njooni hapa!" aliita, upepo ukaimeza sauti yake.

Ndipo aliposikia Minza. Hakupiga ukelele. Aliimba, kwa sauti nzito, ndefu, isiyo na haraka, ile ambayo wafugaji huwaitia ng'ombe warudi zizini, sauti inayotambaa chini kwa chini na kufika mbali. Maneno yake yalikuwa ya Kisukuma, na katikati alilitaja kila jina: Doto wangu njoo, Marcelo wangu njoo. Kwake vumbi halikubadili kitu; hata kabla yake alikuwa haoni. Alikuwa amepiga magoti katikati ya ua, kanga mbili amezitandaza kwa mikono kama mbawa za kuku, na watoto waliifuata sauti mmoja mmoja wakaingia chini yake. Aliwagusa vichwa. Alipomaliza kuwagusa aliinua uso.

"Mmoja hayupo," alisema. "Tajudin."

Bimdogo aligeuza kichwa, bega bado langoni. Hakuweza kuondoka. Minza akaimba tena, safari hii jina moja tu, mara nyingi, kwa upole, kana kwamba mtoto amelala na hataki kumshtua. Kutoka nyuma ya pipa la maji kilio kidogo kikajibu. Kisha ikaja miguu. Minza aliijua, alikuwa ameisikia ikimkwepa siku zote hizo. Alifungua upande mmoja wa kanga, na Tajudin akaingia moja kwa moja mpaka kifuani, akamshika shingo.

Chamchela ilipita juu ya paa, ikang'oa kamba ya nguo, ikaenda zake. Pakawa kimya. Kisha, kutoka juu, ikaanza kuteremka mvua ya majani. Upepo ulikuwa umeupukutisha mwarobaini, na majani yaliyopandishwa juu sasa yalirudi taratibu, manjano, mengi, yakizunguka. Chini ya kanga Doto alitoa kichwa.

"Yanashuka," alinong'ona.

"Yanashuka," alikubali Minza, ingawa hakuyaona. Moja lilimtua kwenye paji la uso.

Bimdogo aliliacha lango, akaja akaketi chini kwenye vumbi, yeye aliyekuwa haketi bila mkeka. Ili watoto wasimwone akilia alianza kuimba, akitunga kadiri alivyokwenda:

*Jani, jani, umechoka juu?*
*Shuka pole, shuka kwangu huku.*

Na Minza, pumzi zikiwa bado zinamwenda mbio, akaitikia kwa neno la kwao la kusema kila kitu ni shwari:

*Limeshuka, mhola!*
*Limelala, mhola!*

"Mhola!" walipaza sauti watoto, nyuso zimejaa vumbi na kamasi. Flora aliporudi mbio, sabuni imemwanguka njiani, aliwakuta wote wamelala chali juu ya majani, mama zake wawili wakiwa katikati, wakiimba.

Alasiri, watoto walipokwisha kuchukuliwa na kuogeshwa, wanawake wale wawili waliketi barazani. Tajudin alikuwa amelala mapajani kwa Minza, mdomo wazi. Minza alikuwa anampapasa uso kwa ncha za vidole: nyusi, pua, kidevu.

"Ana pua ya nani?" aliuliza.

"Ya marehemu mzee wangu. Pole yake."

Minza alitabasamu. "Mkwe, nikuulize. Siku ile ya bomani ulivaa nguo gani?"

"Siku gani?"

"Walipooana. Nilikuwa najiuliza kila mara. Mama mwenye duka la vitenge, nikasema, huyo atakuwa alivaa kitenge ambacho hakijawahi kuonekana. Nilikuona kabisa, unapiga vigelegele, unamshika mwanangu mkono."

Bimdogo alitazama chini. "Sikwenda."

Vidole vya Minza vilisimama.

"Nilijifungia chumbani," alisema Bimdogo. "Nikasema kichwa chaniuma. Maftaha alibisha mlango, akasema, mama, tunakwenda. Sikufungua."

"Kumbe."

"Naam."

"Mimi nilikwenda shamba," alisema Minza. "Haikuwa siku ya kulima. Nililima tu."

Walikaa. Barabarani lori la pamba lilipita. Wazo lile lile liliwajia wote wawili kwa wakati mmoja.

"Basi walikwenda peke yao," alisema Minza.

"Na mashahidi wawili wa sokoni. Jirani muuza viatu na mkewe."

"Binti yangu. Hakuna wa kumfunga kanga."

"Na wangu. Hakuna wa kumwombea dua."

Minza alilia bila sauti, machozi yakitoka katika macho yale meupe kama ya mtu mwingine yeyote. Bimdogo alimwondoa Tajudin kidogo ili asilowe, kisha akaona ni upuuzi, akamrudisha, akamshika mwenzake mkono. Flora alipita na ndoo ya maji, akawaona. Hawakumwambia kitu. Lakini usiku kabla ya kulala walikuwa wamekwisha kukubaliana jambo.

Madaktari walifika. Minza alipasuliwa jicho la kulia, akalazwa usiku mmoja, na asubuhi yake muuguzi akambandua pamba mbele ya Bimdogo, aliyekuwa amekuja na chupa ya chai. Minza alipepesa. Alitazama dirisha, akatazama shuka, akautazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia aliyeketi kitandani kwake.

"Wewe ndiye Bimdogo?"

"Ndimi."

"Sauti yako ni ya msichana. Nilidhani u kijana!"

"Na wewe nilidhani u mpole," alisema Bimdogo, na muuguzi akalazimika kuwanyamazisha.

Aliporudi nyumbani watoto walikuwa wamepangwa langoni. Minza aliinama, kinyume na alivyoagizwa na daktari, akawatazama mmoja mmoja bila kuuliza majina. Alipofika kwa Tajudin alipiga magoti. Mtoto alimgusa plasta iliyokuwa shavuni.

"Bibi Mhola," alimwita, na jina likamkaa.

Alikuwa akitiwa dawa za matone, akakatazwa moshi na vumbi vya kijijini kwa majuma kadhaa, naye akabaki. Kipindi kiliendelea. Sasa aliweza kuonyesha kwa kidole anachokisema, na alionyesha kila kitu. Hadithi zake hazikurefuka hata kidogo. Kazi hiyo ilibaki ya Bimdogo. Jicho la pili lingengoja madaktari warudi.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, kabla ya mvua, Flora aliambiwa kwamba kipindi cha mazingira kitafanyika Nkoma. "Wewe si ulisema mtoto aijue dunia anayoikanyaga?" alisema Bimdogo. "Basi. Wazazi wanaotaka waje. Na mumeo aje."

"Maftaha ana kazi."

"Aje."

Walikodi gari mbili. Bimdogo, miaka yote ile Bariadi, hakuwahi kwenda kijijini ila kupita tu. Alishuka mbele ya ua wa minyaa akiwa amevaa kitenge cha rangi ya zafarani alichokitoa chini kabisa ya sanduku. Luhende, kaka mkubwa wa Flora, aliwapokea, akawaongoza watoto na mama zao hadi kwenye ngitili ya familia, eneo la malisho wanalolifunga ili majani yasiliwe mpaka kiangazi kizidi. Nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya mkate, ndefu kuwapita watoto. Migunga ilikuwa imeacha majani na kubaki na maganda ya mbegu yanayolia upepo ukivuma.

Minza aliwatangulia na fimbo, ambayo sasa aliibeba begani. Alilivunja ganda moja akalitikisa sikioni kwa Doto. Aliwaonyesha shimo la mhanga, unyoya wa kanga, kinyesi kilichoviringishwa na dundu kikawa mpira kamili. Bimdogo alimpa dundu hadithi hapo hapo, ya bwana harusi anayepeleka mahari bila kujua njia, na akina mama waliofuatana nao wakacheka kuliko watoto. Marcelo aliona lambo, hatimaye, na ng'ombe wakinywa, akamshika Bimdogo kitenge. "Bibi! Bahari!" Safari hii Bimdogo hakumsahihisha.

Jua lilipoanza kupunguza ukali walirudi uani. Mikeka ilikuwa imetandikwa, mbuzi amekwisha kuiva, na majirani wamejaa kuliko Flora alivyotegemea. Katikati palikuwa na mkeka mmoja mtupu.

"Kaeni hapo," Bimdogo aliwaambia Maftaha na Flora.

"Kuna nini?" aliuliza Maftaha.

"Kaeni."

Walikaa, wakitazamana. Minza alitoka ndani na kanga mpya mbili. Alimwendea binti yake, akamfunga moja kiunoni na nyingine akamtanda kichwani, akamsawazishia ukingo mara mbili na mara ya tatu. Flora alielewa ilipofika mara ya tatu. Aliufunika uso. Bimdogo alipiga magoti mbele ya mwanawe, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, akaifungua mikono yake akamsomea dua ambayo alipaswa kumsomea siku ile mlango ulipobishwa. Aliposema amina, Wakristo na Waislamu waliokuwa pale waliitikia pamoja, na Minza akapiga kigelegele cha kwanza, kirefu, kikavu kidogo kwa kukaa sana bila kupigwa.

Watoto walidhani kipindi kinaanza. Waliingia mkekani bila kualikwa, wakamwimbia bwana na bibi harusi yale waliyoyajua. Mmoja alisinzia kwenye mguu wa Maftaha. Tajudin hakushughulika na ndoa ya wazazi wake. Alikuwa kwenye kamba ya mwanambuzi, akimlisha ganda la mgunga na kumweleza jambo refu.

Desturi haimruhusu mama mkwe kumkodolea macho mkwe wake, na Minza alikuwa ameukinga uso kwa kanga muda wote. Aliporudi kuketi kando ya Bimdogo alimsukuma kwa kiwiko.

"Nimemchungulia," alinong'ona.

"Nani?"

"Mwanao. Kwa hili jicho jipya. Kidogo tu, Mungu anisamehe."

"Umemwonaje?"

Minza aliwaza, kama awazavyo kabla ya hadithi zake. "Si mbaya."

Magari yalipopiga honi Flora alikuja kumnyanyua mkwewe. Bimdogo hakunyanyuka. Alikuwa amevua viatu, na Luhende alikuwa ameshaambiwa ampelekee sanduku lake dogo ndani, lile ambalo Flora alidhani ni la nguo za watoto.

"Mama, na kesho? Watoto watasimuliwa na nani?"

"Wewe ulisomea. Mkwe wangu amesema kesho atanionyesha pamba inavyovunwa, yale masalio yaliyobaki shambani. Nimeuza nguo maisha yangu yote, Flora, niache nikaione."

Flora alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Kisha aliinama akawaamkia wote wawili kwa mara moja, "Shikamooni," ingawa haikuwa saa ya kuamkia, akambeba Tajudin na ganda lake garini.

"Marahaba," walijibu.